Kinga mbili, redio moja na mpira wa babu

Wamama wenzetu, Butembo ni mji wa kupanda na kushuka. Mwenye kuutazama toka mbali anaona vilima, na nyumba zimeng'ang'ania kila kilima mpaka juu, mabati yanang'aa jua likianza kulala. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini kwa kuwa tumekaa kwenye urefu wa mita karibu 1,800, baridi ya mangaribi inatufanya tutafute sweta. Katika mji kama huu mtu wa kinga, yaani baiskeli, ni mtu wa kazi. Anabeba makala, anabeba ndizi, anabeba madumu ya mafuta ya mawese, na akifika mlimani anashuka na kusukuma. Wengine wote wako juu ya pikipiki.

Ndiyo maana majirani walicheka walipotuona tukitoka saa kumi na nusu, walimu wawili, watoto watatu na mzee mmoja, na kinga mbili zisizo na mzigo wowote. Mama mmoja anayeuza sombe pembeni ya njia alituuliza tunaenda kuuza nini. Tukamjibu kwamba tunaenda kutembea tu. Akatikisa kichwa, akasema walimu wakikosa mshahara wanaanza vituko. Leo yeye ndiye anayetuuliza tukikosa kupita siku mbili.

Tulianza kutembea hivyo kwa ajili ya babu wa watoto wetu. Alikuja kuishi nasi mwaka 2021 akitoka upande wa Beni. Alikuwa na shamba la kakao kuelekea Mbau, na wamama wa hapa hawahitaji kuelezwa mambo ya upande ule: tangu Oktoba 2014 watu wanauawa mashambani na vijijini, wanazikwa, wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Babu alivumilia miaka saba. Alipotufikia alikuwa na vitu viwili vya maana, kinga yake nzito ya chuma na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa ndani ya gurudumu. Nguo zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki.

Mtu aliyezoea kuamka na panga kwenda shambani, ukimkalisha kwenye kiti mlangoni, anazeeka kwa wiki moja kama kwa mwaka mzima. Alikula tulichompa, alisema asante, basi. Watoto walimwogopa kidogo. Tulijaribu kumwuliza habari za shamba, akawa anajibu kwa neno moja. Tulijaribu habari za kanisa, vilevile. Siku moja kijana wetu wa miaka minane alikuwa anarukaruka uani akiwa amekaa kwa makalio, akiwaiga wakubwa, bila kujua anamwiga nani. Babu akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu afike, akasema: "Huyo ni Kidiaba!"

Basi akaanza. Robert Kidiaba, mlinda goli wa TP Mazembe, ndiye aliyekuwa akisherehekea magoli kwa kurukaruka ameketi chini namna ile. Dunia nzima ilimwona Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipowafunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Fainali walifungwa na Inter ya Milano 3-0, lakini babu habari hiyo ya mwisho huipitia haraka sana, kama mtu anayevuka tope. Mtoto alisikiliza mdomo wazi. Kesho yake akamwuliza swali lingine, na kesho kutwa lingine. Tukaona kwamba mzee huyu ana maktaba nzima ndani ya kichwa, na ufunguo wake ni mpira.

Kuhusu kinga, ni yeye mwenyewe aliyeomba. Alisema miguu inamwuma kwa kukaa. Tukaazima ya pili kwa jirani, na tangu hapo, mangaribi ambazo hakuna mvua na mji umetulia, tunatoka.

Njia yetu si ndefu. Tunateremka polepole mpaka bonde la mto Kimemi, babu mbele kwa sababu breki zake tunazijua na hatuzitegemei, mtoto mdogo kwenye kibebeo cha nyuma, wengine kwa miguu na kwa zamu. Hapo bondeni harufu inabadilika: maji, majani ya mikalitusi, moshi wa makala ya kwanza ya chakula cha usiku. Kisha tunapanda, na kupanda maana yake ni kusukuma. Wamama wanaotoka soko kuu wanateremka tukiwapisha, beseni kichwani, mtoto mgongoni, viatu mkononi kama njia imeloa. Vijana wa pikipiki wanatupigia honi. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Juu ya kilima tunapumzika, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapofanyika, maana mtu aliyechoka pamoja nawe husema mambo ambayo hawezi kuyasema mezani.

Mara nyingine tunafika mpaka karibu na uwanja wa Matokeo. Jina hilo hutuchekesha kila mara, kwa kuwa uwanja wa mpira ungeitwaje tena? Timu ya mji wetu, AS Nyuki, ni ya hapa, na babu, ambaye ni mtu wa Beni, huona shida kuishangilia. Anasema hawezi kuhamisha moyo kwa sababu mwili umehama. Watoto wanamjibu kwamba anakula maharagwe ya Butembo, kwa hiyo ashangilie Nyuki. Mjadala huo haujakwisha na hatuna haraka nao.

Ndani ya nyumba mgawanyiko ni mkubwa zaidi. Babu ni Mazembe, kwa sababu, anasema, Lubumbashi nao wanasema Kiswahili. Baba wa watoto ni AS Vita Club ya Kinshasa, kwa ajili ya mjomba wake aliyeishi kule. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, alichagua Mazembe makusudi ili awe na babu. Sisi tulikuwa hatuna timu. Tulikuwa tunapika wakati wengine wanapiga kelele, kama wamama wengi. Lakini ukitembea na watu hao mangaribi baada ya mangaribi, unajikuta unajua kwamba Vita walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 1973, na kwamba Mazembe walilichukua kombe hilo mara tano, mbili za kwanza mwaka 1967 na 1968 wakati bado wanaitwa Englebert. Unajikuta hata unasahihisha wanaume.

Hadithi ambayo watoto wanaiomba zaidi ni ya mwaka 1974. Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, anasukuma kinga hiyohiyo, au dada yake, akipandisha mafuta ya mawese kutoka Beni mpaka Butembo na kurudi na viazi. Kilomita 54. Redio moja ilikuwa kwa mfanyabiashara, na watu walijaa mlangoni. Mwezi wa Machi mwaka ule Leopards wa Zaïre walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Fainali ya kwanza na Zambia ilitoka sare 2-2, ikarudiwa, wakashinda 2-0, na magoli yote manne ya Zaïre katika fainali hizo mbili aliyafunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika michuano ile alifunga magoli tisa. Mpaka leo hakuna aliyefunga zaidi katika Kombe moja la Afrika.

Mwezi wa sita wakaenda Ujerumani, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko mambo yakageuka. Scotland 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazili 3-0. Na katika mechi ya Brazili likatokea jambo ambalo Wazungu wamelicheka miaka na miaka: Brazili wamepewa mpira wa adhabu, kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga akatoka kwenye ukuta mbio na kuupiga mpira mbali. Watangazaji wakasema, tazameni Waafrika hawa, hata sheria ya mchezo hawaijui. Miaka mingi baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alifanya kwa hasira, kwa kuwa wachezaji hawakupewa fedha walizoahidiwa. Alikuwa anasema neno, lakini hapakuwa na mtu wa kulisikia.

Hapo binti yetu huuliza kila mara: "Na Ndaye?" Anajua jibu, ila anataka babu alitoe. Babu husimama kabisa, mkono juu ya usukani. Ndaye alikuja kuwa mkimbizi. Aliondoka nchini miaka ya tisini, akafika Afrika ya Kusini, na kule Cape Town mtu aliyefunga magoli tisa alikuwa akilinda magari ya watu yaliyoegeshwa, apate chochote. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, zilipokelewa habari kwamba amefariki, na uwanja mzima ukasimama kimya kwa dakika moja kumkumbuka. Alikuwa hai. Alifariki mwaka 2019.

Mara ya kwanza kusikia hadithi hii kutoka kinywani mwa babu tulinyamaza wote mpaka nyumbani. Mzee aliyefukuzwa shambani kwake alikuwa anawasimulia wajukuu habari za mtu aliyehesabiwa kuwa amekufa naye bado anatembea. Hakusema kwamba anajisimulia yeye mwenyewe. Labda wala hakuwaza hivyo.

Sasa habari ya binti na kinga. Mwanzoni alikuwa anakaa nyuma. Kisha akataka usukani. Babu akamshikilia kiti, akakimbia naye kwenye uwanja wa masomo, mzee wa karibu miaka sabini, na baada ya siku tisa akamwachia. Maneno yakaanza mtaani. Kwamba msichana wa miaka kumi na miwili hapandi kinga, kwamba itamharibu, kwamba kikwembe kitapanda magotini na watu wataona. Mama mmoja tunayemheshimu sana alikuja nyumbani jioni, akakaa, akanywa chai, akatuambia kwa upole kwamba tunamfungulia mtoto njia mbaya. Tulimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuja kwa upendo. Kisha babu, ambaye kwa kawaida haingilii maneno ya wanawake, akasema kutoka kwenye kiti chake: "Mama, siku tulipokimbia, wenye kinga walifika. Mke wangu hakujua kupanda. Nilimsukuma juu ya mzigo mpaka nikachoka." Hakuendelea. Mama yule aliweka kikombe chini. Nyanya wa watoto alifika Beni akiwa hai, lakini alifariki miezi michache baadaye kwa ugonjwa, na babu hajawahi kusema zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo binti anapanda, na amevaa suruali chini ya kikwembe.

Baba wa watoto aliwahi kuuliza kama siku moja tungeweza kwenda Beni kwa kinga, sote, kama wakati wa ujana wa babu. Babu anaijua barabara ile kama kiganja chake. Anataja kila mahali kwa jasho: hapa ulisukuma, hapa ulikunywa maji, na pale kwenye miteremko ya Kabasha unashikilia breki mpaka vidole vinakufa, kwa kuwa toka hapo unaliacha baridi la milimani na joto la Beni linakupokea usoni. Anasema siku mawingu yakifunguka, kule Beni unaiona Ruwenzori na theluji yake, na mtu mwenye madumu mawili ya mafuta nyuma yake anasahau uzito. Tulimsikiliza kwa tamaa. Lakini barabara hiyohiyo inapita Maboya, ambako Oktoba 2022 hospitali ilishambuliwa na kuchomwa. Tulipokwenda Beni mwaka jana kwa msiba tulipanda gari, madirisha yamefungwa, na babu alitazama nje njia nzima bila kutaja jina la mahali hata pamoja. Kwa hiyo jibu letu ni hapana, na watoto wamelipokea. Kinga zetu zinaishia ndani ya mji, na saa kumi na mbili kamili tuko nyumbani mlango umefungwa.

Mpira wenyewe basi unasikilizwa usiku, ndani. Na hapa tunafika kwenye mambo ya mwezi wa kwanza na wa pili mwaka wa 2024, Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Mechi kubwa zilianza saa nne usiku kwa saa yetu. Jirani ana televisheni na dekoda, sisi tuna redio ya babu. Jambo moja tuliligundua, na linatufurahisha mpaka leo: redio inatangulia. Picha ya televisheni inazunguka kwanza angani kabla ya kufika kwa jirani, kwa hiyo babu anajua goli sekunde kadhaa kabla ya mtaa. Anainua kidole, anatutazama, tunahesabu kimyakimya, moja, mbili, tatu, nne, na ndipo kelele inalipuka kwa jirani, halafu kilima cha pili, halafu ng'ambo ya bonde. Watoto walikuwa wanaona babu ni nabii.

Tulitoka sare na Zambia, sare na Morocco, sare na Tanzania. Halafu Misri. Moja kwa moja mpaka penalti, na penalti zikaenda mpaka walinda goli wenyewe wakapiga. Wa Misri akagonga mwamba. Wetu, Lionel Mpasi, akafunga, 8-7. Ilikuwa imepita saa sita na nusu usiku na hakuna mtu Butembo aliyekuwa amelala. Babu na jirani wakakutana uani wakagongana viwiko, kama tulivyofundishwa kusalimiana wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Mazoea hayo yamebaki kwa wazee kama kumbatio. Kisha Guinea, 3-1.

Tarehe 7 Februari ilikuwa nusu fainali na wenyeji. Usiku ule tulikwenda kwa jirani, redio mfukoni, kwa sababu watoto walitaka kuona. Wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji wetu wote wakafunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki. Chumba kizima kilinyamaza. Watu zaidi ya ishirini, na watoto sakafuni. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Wanauawa watu wa Mashariki na dunia imefungwa mdomo: ndivyo vijana wale walivyosema bila sauti, mbele ya Afrika nzima. Tulimtazama babu. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama kanisani.

Tulifungwa 1-0, goli la Haller. Tukarudi nyumbani kimya. Mlangoni babu akasema: "Hata Mwepu alisema. Safari hii wamesikia."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Asubuhi, kwenye mstari wa bendera, tulipoanzisha wimbo wa taifa, mtoto mmoja wa darasa la tano akaweka mkono mdomoni na vidole kichwani. Wa pili. Wa kumi. Mwishowe wimbo ulikuwa unaimbwa na walimu tu. Kuna mwenzetu aliyetaka kuwakaripia, kwa kuwa wimbo wa taifa una heshima yake, na neno lake lilikuwa na uzito. Lakini wengi wa watoto hao wamefika kwetu kama babu alivyofika. Tuliimba mpaka mwisho, tukawangoja washushe mikono, tukaingia darasani. Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Tuliliacha, tukawapa karatasi waandike au wachore. Karatasi hizo ziko kabatini, nasi hatujaonyesha mtu.

Tuseme pia jambo lisilopendeza, maana wamama wengi wametuomba. Mpira huuhuu unawala vijana wetu kwa upande wa kubeti. Vibanda viko kila kona, na fedha za masomo, za daftari, hata za unga, zinaingia humo. Sisi nyumbani tumepata ulinzi tusioutarajia. Kijana wetu alipotaka kuweka franka mia tano kwamba Mazembe watashinda, babu alimwuliza, je, kama kesho mtu akikulipa ili uwatakie kufungwa? Mtoto alifikiri sana. Akarudisha zile franka kwenye kopo. Haimaanishi hataulizwa tena na wenzake, na kopo tumelihamisha mahali pa juu zaidi.

Babu sasa ana sauti. Anawakaripia watoto wa jirani, anasifia chumvi kwenye chakula, anagombana na baba wa watoto juu ya Vita Club mpaka tunawaomba wapunguze. Habari za shamba hazungumzi bado, isipokuwa wakati wa kupumzika juu ya kilima, na huko anaanza mwenyewe. Juzi alimweleza binti namna ya kukausha kakao ili isipate ukungu. Binti aliandika.

Kuna wamama watano wa chama chetu waliouliza kama nao wanaweza kujifunza kupanda. Wanaweza. Jumamosi saa tisa, kama hakuna mvua na kama mji umetulia, kinga mbili zitakuwa kwenye uwanja wa masomo na babu atakuwepo kushikilia kiti. Mje na suruali ya kuvaa chini ya kikwembe, kwa sababu mnyororo haupendi kitambaa kinachoning'inia. Na mwenye pampu aje nayo, yetu imepasuka mpini.